Ukirudi Kuomba Chuo, Rudi na Karatasi Zako Zote

(Mada hii ilitolewa kwa vijana baada ya swala ya Tarawehe mjini Meru, na wiki iliyofuata ikarudiwa Embu. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa.)



 

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie elimu. Nami nimeona kwamba kila Ramadhani tunahimizana kusoma, na wanaohimizwa ni wale ambao tayari wanasoma. Leo nataka kuzungumza na yule ambaye hutamwona akiinua mkono kuuliza swali. Yule aliyekwenda chuo Nairobi, au Eldoret, au Mombasa, mambo yakaharibika, akarudi nyumbani kimya kimya. Iwe ni Majengo ya hapa Meru au Majengo ya Embu, kijana huyo yuko. Anaendesha bodaboda, au anamsaidia mjomba dukani. Ukimwuliza, "Chuo vipi?" anakwambia, "Niko likizo." Likizo ya miaka miwili!

Msomaji, kama ni wewe, tafadhali usigeuze ukurasa. Sikuja kukulaumu. Nimekaa na vijana wengi hapa wakijaza fomu, na karibu wote waliokwama hawakukwama kwa sababu ya maksi. Walikwama kwa sababu ya kuficha.

Kwanza tuelewane, watu huanguka chuoni kwa njia nyingi. Kuna wa karo: muhula umefika mwisho, bado anadaiwa, hakupewa kadi ya mtihani, hakufanya mtihani, na kwenye rekodi anaonekana hana maksi hata moja. Kuna aliyechaguliwa kozi na mwenye saiba. Yaani alikwenda kulipia dakika kumi za kompyuta, akaambiwa "hii iko na soko", akajikuta anasoma hesabu za takwimu na yeye roho yake iko kwenye mifugo. Kuna dada aliyeolewa katikati ya masomo, au aliyepata mimba, akaambiwa utarudi baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Na kuna jambo la kwetu hasa, tusilikwepe. Kijana wa Igembe akiona wenzake wa Maua wanashika pesa ya miraa kila siku, yeye yuko darasani anangoja miaka minne, moyo unapoa. Pande za Mbeere ni muguka. Mwingine hakwenda kuuza, alikwenda kutafuna, akakesha macho makavu usiku kucha, na mtihani wa saa mbili asubuhi ukampita amelala. Huyo naye ni mwenzetu, tusimtupe.

Sasa kabla hujaomba popote, jambo la kwanza ni kujua ulitokaje. Wengi hawajui! Namwuliza kijana, "Ulifutwa, uliahirisha, au uliacha tu kwenda?" Ananiangalia. Hizi ni hali tatu tofauti kabisa. Aliyeahirisha kwa barua bado ni mwanafunzi, na pengine nafasi yake ipo mpaka leo. Aliyeacha tu kwenda, bila barua, chuo kinaweza kuwa kimemwandikia sifuri kila somo au kimemtoa kwenye orodha, na yeye hana habari. Aliyefutwa na seneti kwa sababu ya maksi ana barua, na barua hiyo mara nyingi inaeleza kama anaweza kukata rufaa na kwa muda gani. Na aliyefutwa kwa nidhamu, kwa mfano kwa kuiba mtihani, mlango wake ni mwembamba zaidi, lazima tuseme ukweli.

Kwa hivyo nauli ya kwanza unayotafuta si ya kwenda chuo kipya. Ni ya kurudi chuo cha zamani, siku moja tu, ukaonane na ofisi ya msajili wa masomo. Najua ni nzito. Unaogopa kukutana na wenzako ambao sasa wako mwaka wa nne. Nenda hivyo hivyo. Uliza hali yako iko vipi kwenye rekodi, uliza kama kurudishwa kunawezekana, na uombe transkripti ya masomo uliyofanya. Kama unadaiwa karo, hawatakupa transkripti mpaka umalize deni na ufanye kliaransi. Angalau utajua deni ni shilingi ngapi. Nimeona kijana aliyeogopa deni kwa miaka mitatu akidhani ni laki moja na kitu. Alipouliza, lilikuwa elfu kumi na nane. Familia ililipa kwa miezi miwili.

Hapa napenda nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye maumivu.

Kuna nyumba ambazo mzazi hajui. Mama anatuma karo kila muhula kwa simu. Kijana alishaondolewa zamani, lakini kila Januari anapakia begi, anapanda matatu, anakwenda kukaa kwa rafiki. Ile karo inakuwa ya kula na kulipa kodi ya nyumba. Hapo mwanzo hakukusudia kudanganya. Alitaka kutafuta namna ya kurekebisha kabla hawajajua. Muhula ukawa mwaka, mwaka ukawa miwili, na sasa mama anauliza mahafali ni lini ili aanze kununua mchele wa pilau. Mnajua mambo haya, si ndio? Kuna familia zimesafiri na gari la kukodi mpaka uwanjani, kitabu cha mahafali kinapekuliwa ukurasa kwa ukurasa, na jina halimo.

Ewe kijana, mwambie mama yako kabla ya ile siku. Usimwambie kwa ujumbe wa simu. Kama huwezi kumwambia peke yako, tafuta shangazi, mjomba, au imamu wa msikiti, mtu ambaye mzazi wako anamheshimu, akae nawe. Na ukimwambia, uwe na karatasi mkononi: hii ndiyo hali yangu chuoni, hili ndilo deni, na hiki ndicho ninachotaka kufanya. Mzazi akiona karatasi anajua kwamba mambo yameanza kushikwa. Akisikia maneno matupu, anaona ni hadithi nyingine.

Na wewe mzazi, baba au mama, nakuomba jambo dogo. Siku hiyo ikifika, usianze kuhesabu ng'ombe uliouza. Hesabu hiyo ataijua tu, ameibeba siku zote. Uliza swali moja: "Sasa unataka kusoma nini?" Kama hasira imekushika, toka nje kwanza, rudi baada ya swala. Vijana wetu wengine hawakukimbia chuo, walikimbia sauti ya nyumbani. Tena usimlinganishe na mtoto wa jirani mbele ya wadogo zake. Hilo halimjengi mtu.

Turudi kwenye fomu. Kuna ushauri unaozunguka huku mitaani, nimeusikia Meru, nimeusikia Embu: "Wewe omba kama vile hujawahi kusoma mahali popote. Nani atajua?" Ushauri huu ni mbaya kwa dini na ni mbaya kwa hesabu pia.

Kwa dini mnajua, sitachukua muda. Kusema uongo na kuweka sahihi chini yake ni kusema uongo mara mbili. Lakini hata kwa hesabu, angalia. Nambari yako ya mtihani wa KCSE na mwaka wako ndiyo hiyo hiyo popote utakapokwenda. Mtandao wa KUCCPS, ambao ulikuja na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 kuchukua nafasi ya ile bodi ya zamani ya JAB, unakujua kwa nambari hiyo. Kama ulipangiwa nafasi wakati ule, imeandikwa. HELB nao wana nambari yako ya kitambulisho. Sasa unamficha nani? Na ukificha, yale masomo uliyofaulu unayatupa. Ulifeli matano, lakini si ulifaulu saba? Chuo kikikubali kuhamisha alama, kitatazama yale yaliyofaulu na yanayofanana na kozi yao, na kinaweza kukubali baadhi, si yote. Mtu aliyejificha hawezi kuomba hata moja. Isitoshe, uongo ukigunduliwa ukiwa mwaka wa tatu, chuo kina haki ya kukufukuza kwa sababu ya ile sahihi. Hapo utakuwa umeanguka mara ya pili kwa kosa la mara ya kwanza.

Lakini tuwe na uadilifu. Fomu isipouliza, hujaficha kitu. Vyuo vingi vya ufundi vinataka cheti cha KCSE, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na picha, basi. Hakuna aliyekuuliza habari za chuo kikuu, na si lazima uanze kujitangaza. Fomu ikiuliza, "Je, umewahi kusajiliwa katika chuo kingine?" andika ndiyo, taja chuo, taja miaka, na uambatishe barua.

Barua hiyo niizungumzie, kwa sababu nimesoma nyingi na nyingi zinaharibu. Wengine wanaandika kurasa tatu za kilio. Mwalimu anayesoma fomu mia mbili hana muda huo. Andika ukurasa mmoja. Sema kilichotokea kwa sentensi mbili tatu: baba alifariki muhula wa pili, nikaanza kufanya kazi usiku, nikafeli masomo manne. Kama kuna karatasi ya kuthibitisha, kibali cha mazishi, barua ya hospitali, iambatishe. Kama hakuna ugonjwa, usiandike ugonjwa. Kama ni uzembe wako, uandike kwa jina lake, utashangaa jinsi mtu anavyoheshimika akisema, "Sikuhudhuria masomo." Usiwalaumu wahadhiri wa kule, hata kama kweli mmoja alipoteza maksi zako, kwa sababu anayesoma barua naye ni mhadhiri. Kisha, na hii ndiyo sehemu wanayoisahau, eleza kilichobadilika. Umefanya nini tangu ulipotoka? Umefanya kazi miaka miwili bila kufukuzwa? Leta barua ya mwajiri. Umefanya kozi fupi ya kompyuta ukamaliza? Weka cheti. Umeacha muguka? Hilo huna haja ya kuliandika, lakini hakikisha ni kweli kabla hujatuma barua.

Sasa, uombe wapi na uingilie ngazi gani? Hapa vijana wengi wanakosea kwa kiburi. Alikuwa anasoma digrii, basi anaona diploma ni kushushwa. Ndugu yangu, cheti chako cha KCSE hakijaharibika. Kufeli chuo hakufuti C yako wala C plus yako. Kwa digrii moja kwa moja watu hutazama C plus. Ukiwa na C minus, diploma iko wazi kwa kozi nyingi. Mwenye D anaingia kozi ya cheti, na chini ya hapo kuna mafunzo ya ufundi. Katika mitaala hii mipya ya umahiri, inayoitwa CBET, diploma ni ngazi ya sita, cheti ni ngazi ya tano, fundi ni ngazi ya nne, na mtu hupanda kutoka moja kwenda nyingine. Tena kuna jambo la mitaala hii linalonifurahisha. Mwanafunzi anapimwa kwa kazi anayoifanya mbele ya mtahini, na asipoiweza haandikiwi kwamba amefeli. Anaandikiwa kwamba bado hajawa mahiri, halafu anapimwa tena. Aliyechomwa na mitihani ya karatasi anaweza kupumua hapo.

Na huhitaji kwenda mbali. Hapa Meru kuna Meru National Polytechnic, ambayo wazee wanaijua kama Meru Technical, ikapandishwa kuwa chuo cha kitaifa mwaka 2016. Kule Nchiru, kwenye barabara ya kwenda Maua, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Kilianza kwa harambee za wananchi kama chuo cha teknolojia, kikawa tawi la Jomo Kenyatta mwaka 2008, kikapata hati yake mwaka 2013. Kenya Methodist iko Kaaga, na ilipata hati mwaka 2006. Ukishuka barabara ya Embu unapita Chuka, ambayo zamani ilikuwa chini ya Egerton. Ukifika Embu, kile Chuo Kikuu cha Embu kilikuwa chuo cha kufundisha maafisa wa kilimo, kikawekwa chini ya Nairobi mwaka 2011, kikapata hati mwaka 2016. Yaani hata vyuo vyenyewe vilianzia ngazi ya chini, na hakuna anayeviona ni aibu.

Faida ya kusoma karibu si ndogo kwa mtu anayerudi. Unalala nyumbani, hulipi kodi, futari unakula na wenzako, na mzazi anakuona. Aliyeanguka kwa sababu ya upweke wa Nairobi anajua ninachosema. Ukimaliza diploma yako vizuri, unaweza kuomba digrii kwa diploma hiyo, na vyuo vingine humpokea mwenye diploma ya fani ile ile moja kwa moja mwaka wa pili. Hesabu miaka: hujapoteza kama ulivyodhani. Ila kabla hujalipa, hakikisha chuo kimesajiliwa. Cha ufundi kinasajiliwa na TVETA, chuo kikuu na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kuna vyuo vya ghorofani, juu ya duka la simu, vinavyompenda sana mtu aliyekata tamaa. Havikuulizi chochote, vinauliza pesa tu.

HELB. Kama ulichukua mkopo kule mwanzo, deni halifi kwa sababu hukumaliza. Faini ya kuchelewa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Usikae kimya. Waandikie, waeleze ulitoka lini na kwamba unarudi kusoma, mpange. Habari ya riba iliyomo kwenye mikopo hiyo ina mada yake, na masheikh wetu wameizungumzia; waulize kabla hujaomba mwingine. Kuna basari ya CDF na ya kaunti, na fomu zake hutoka kwa muda mfupi, kwa hivyo mwulize chifu au diwani mapema. Na msikiti wenyewe, tukiona umetengeneza mambo yako, tutakosa kweli watu wa kumchangia mtu mmoja karo ya muhula?

Jambo la umri ni fupi. Dada mmoja alinishika baada ya swala akaniambia ana miaka thelathini na moja na watoto wawili, ataketi vipi na watoto wa miaka kumi na minane. Nikamwambia habari za Imamu al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Alikuwa fundi makufuli, na jina lake la Qaffal linatokana na kazi hiyo. Alianza kusoma fiqhi akiwa na miaka kama thelathini, na leo vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii vimejaa rai zake. Yule dada akacheka, akasema, "Lakini yeye hakuwa na mtoto wa kunyonyesha." Kweli! Kwa hivyo tukakaa tukatafuta kozi inayofundishwa jioni na wikendi, na mama mkwe akakubali kubaki na mtoto. Elimu ya mama inahitaji mtu wa kubeba mtoto, tusiifanye ni dua peke yake.

Nimalizie na mambo ya karatasi. Tafuta cheti chako halisi cha KCSE sasa, si siku ya mwisho. Kama shule ya upili imekizuia kwa sababu ya karo, Sheria ya KNEC ya mwaka 2012 hairuhusu cheti kuzuiwa. Nenda nayo kwa mwalimu mkuu kwa adabu, na mzazi awe pamoja nawe. Kama kimepotea, chukua abstrakti ya polisi, uombe KNEC wakupe kingine kwa mtandao wao. Jina kwenye cheti na jina kwenye kitambulisho yalingane. Hasa sisi Waislamu, mmoja ameandikwa Mohamed, huku Muhammad, kule Mahamud, na karani anaona ni watu watatu.

Jumamosi hii baada ya Adhuhuri tutakuwa hapa msikitini na kompyuta mbili, na wiki ijayo tutakuwa Embu. Njoo na cheti, kitambulisho, barua yoyote uliyopewa na chuo cha zamani hata kama imekunjwa miaka miwili chini ya godoro, na transkripti kama unayo. Hutaulizwa mbele ya watu. Kuna chumba cha pembeni, na dada zetu wana mtu wao wa kuwahudumia. Kama unaona haya kuja mchana, njoo baada ya Tarawehe, nitakuwepo mpaka saa tano.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.